Pombe ya Ulezi ya Ufipa: Ladha, Mapendeleo na Msamiati Wake katika Kiswahili

Utangulizi

Wanywaji wawili katika kilabu cha pombe mjini Sumbawanga wanaweza kuchotewa kutoka chombo kimoja, mmoja akasema pombe ya leo ni kali, mwenzake akasema bado haijawa kali, na wote wawili wakawa wamesema kweli. Wa kwanza ana maana kwamba pombe imechacha mno. Wa pili ana maana kwamba haina nguvu ya kulevya. Mama aliyeipika amesimama kati yao na kata mkononi, na neno lililomfikia ni moja tu. Akimsikiliza wa kwanza, safari ijayo ataichuja mapema zaidi. Akimsikiliza wa pili, ataongeza kimea au ataiacha siku moja mbele. Hatua hizo mbili zinapingana, na gharama ya kukosea ni yake: nafaka, kuni na siku kadhaa za kazi.

Mhadhara huu unahusu mkanganyiko huo. Hudhaniwa mara nyingi kwamba ladha ni jambo lisilojadilika, kila mtu na kinywa chake. Ukipenda, chongo huita kengeza. Dhana hiyo ina ukweli ndani yake, lakini imewafanya wataalamu wa lugha waliache somo la ladha mikononi mwa wapishi na wanakemia. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba tofauti za mapendeleo juu ya kinywaji zina vyanzo vitatu. Kimoja kiko katika kinywaji chenyewe, kingine kiko katika ulimi wa mnywaji, na cha tatu, ambacho ni kikubwa kuliko inavyodhaniwa, kiko katika maneno. Pombe ya ulezi ya Uwanda wa Ufipa, mkoani Rukwa, imeteuliwa kuwa mfano kwa sababu mazingira yake yanaviweka vyanzo hivyo vitatu mahali panapoonekana.

Kugema, kupika, kutengeneza

Yafaa kuanza na vitenzi. Katika Kiswahili tembo la mnazi hugemwa, na ulanzi, yaani utomvu wa mianzi unaonywewa Iringa na Njombe, nao hugemwa. Pombe ya nafaka hupikwa. Bia ya kiwandani hutengenezwa. Vitenzi hivi havikupangwa ovyo. Anayegema hupokea kinywaji ambacho mti umekwisha kukianza. Kazi yake ni kukata, kukinga na kuwahi. Anayepika huanza na nafaka kavu isiyo na utamu wala kileo, na kila kitakachoonjwa baadaye kitatokana na uamuzi wake. Kwa kitenzi hicho kimoja Kiswahili kimeiweka pombe ya nafaka jikoni pamoja na ugali na mchuzi, na kimemtambua mwenye ladha yake, yaani mpishi.

Nomino zimefanya kazi nyingine, isiyo ya haki sana. Bia, neno lililoingia kutoka Ulaya, limekuwa jina la kinywaji cha chupa. Pombe, neno ambalo Richard Burton alilitumia katika kitabu chake cha mwaka 1860 kwa kinywaji cha nafaka alichokikuta bara, leo ni jina la jumla la vileo vyote. Lakini likisimama kando ya bia huonekana duni, na huongezewa sifa ya "ya kienyeji" kana kwamba chupa haina mahali ilikotoka. Kwa upande wa lugha jirani, Kibemba na Kinyakyusa husema ubwalwa, Kizulu utshwala na Kisetswana bojalwa, na yote hayo yana mzizi mmoja mkongwe wa Kibantu ambao Kiswahili hakikuushika. Kwa upande wa kemia tofauti kati ya pombe na bia ni ndogo kuliko inavyodokezwa na majina. Zote mbili ni nafaka iliyooteshwa, ikakaushwa, ikasagwa, ikapikwa na kuchachushwa. Isitoshe, tangu miongo ya mwisho ya karne ya 20 kumekuwa na mwamko Marekani na Ulaya wa kuthamini bia zinazopikwa na mafundi wadogo, ambapo kila nyumba ina ladha yake na mnywaji husafiri kuitafuta. Hali hiyo inayosifiwa huko kuwa ni ugunduzi ndiyo hali ya kawaida ya Ufipa, ambako pombe ya mama mmoja haijawahi kufanana na ya jirani yake.

Uwanda na nafaka yake

Uwanda wa Ufipa umeinuka kati ya Ziwa Tanganyika na Bonde la Rukwa. Sumbawanga, makao makuu ya Mkoa wa Rukwa ulioanzishwa mwaka 1974, uko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na maziwa yote mawili yako chini yake kwa takriban meta 1,000. Lugha ya wenyeji, Kifipa, imewekwa na Guthrie katika kundi M, ikipewa namba M13, karibu na Kirungu (M14) na Kimambwe (M15). Jina la mji wenyewe huelezwa na wenyeji kuwa lina maana ya "tupa uchawi", na msikilizaji wa Kiswahili anayejua kwamba wanga ni wachawi haoni tabu kuuelewa ufafanuzi huo. Wanga, kwa bahati ya maneno yanayofanana, ni pia jina la kile kijazacho punje ya nafaka, na kuuondoa wanga huo, kwa kuugeuza kuwa sukari, ndiko kunakoanza upishi wa pombe.

Udongo wa uwanda huu ni mkongwe na umechoka. Wafipa waliujibu uchovu huo kwa kilimo cha ntumba: mvua zinapoelekea ukingoni, nyasi hukatuliwa pamoja na udongo wake na kufukiwa katika vilima vidogo vya mviringo, ambamo huoza na kuwa mbolea. Maharage yaweza kupandwa juu ya vilima hivyo. Msimu mpya unapofika vilima husambazwa na ulezi hupandwa. Roy Willis, mwanaanthropolojia Mwingereza aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, aliufanya mfumo huo ujulikane kwa wasomi wa nje. Kwa somo letu jambo la kuangaliwa ni kwamba kazi kubwa ya aina hii huhitaji mikono mingi kwa siku chache, na katika nyanda za juu za kusini-magharibi pombe imekuwa njia ya kuikusanya mikono hiyo. Pombe ya kazi haiwezi kuwa kama pombe ya sherehe. Aliyeinua jembe tangu alfajiri anataka kinywaji kizito chenye chakula ndani yake.

Ulezi una sifa mbili zilizoufanya upendwe na wapishi. Kwanza, hukaa ghalani miaka mingi bila kubunguliwa, hivyo pombe yaweza kupangwa mbele. Pili, kimea chake kina vimeng'enya vyenye nguvu ya kuvunja wanga, kuliko mahindi kwa mbali. Mahindi yameenea sana mkoani Rukwa, ambao kwa muda mrefu umehesabiwa miongoni mwa ghala kuu za mahindi za Tanzania pamoja na Mbeya, Iringa na Ruvuma. Matokeo yake ni mgawanyo wa kazi ndani ya chungu: mahindi hutoa uzito na wingi kwa bei nafuu, ulezi hutoa kimea. Ulezi unapopungua zaidi kinachopungua si rangi peke yake.

Mahali ladha inapotoka

Kimea ndicho kiini. Punje huloweshwa, hufunikwa zikaota, kisha hukaushwa juani na kusagwa. Akiikatiza mapema mno, mpishi atapata kimea kivivu, na pombe yake itabaki uji. Akiiacha ikaota mno, chipukizi litakuwa limekwisha kula sehemu ya akiba ambayo ingekuwa sukari, na ukungu utakuwa umepata nafasi yake. Harufu ya ukungu haiondoki kwa kupikwa. Rangi ya punje nayo huonjwa. Ulezi mwekundu au wa kahawia una tanini katika ganda lake, ilhali ulezi mweupe una kidogo sana. Tanini ndiyo inayoufanya mdomo ukauke na kukunjamana, na kwa hali hiyo Kiswahili kina neno barabara: ukakasi. Inashangaza kidogo kwamba neno hilo sasa husikika zaidi katika habari za siasa, ambako kauli huwa na ukakasi, kuliko mahali linakohusika, yaani katika ndizi mbichi na pombe ya ulezi mwekundu.

Baada ya kimea huja moto. Kwenye meta 1,800 maji huchemka kwenye nyuzi 94 hivi za Selsiasi badala ya 100, na mpishi wa Sumbawanga hulazimika kuuacha uji jikoni kwa muda mrefu zaidi kuliko mwenzake wa pwani. Uji ukishaiva haufai kutiwa kimea ungali unachemka, kwa kuwa vimeng'enya huungua. Hufanya kazi vizuri zaidi kati ya nyuzi 60 na 70. Wapishi wasio na kipimajoto hupima kwa mkono, na kipimo hicho, kwa mwenye uzoefu, hakidanganyi. Ndani ya saa chache uji mzito huwa mwepesi na mtamu. Anayeonja hapo anaonja kazi ya ulezi peke yake, kabla ya kiumbe kingine chochote kuingilia.

Viumbe hao huja bila kualikwa. Bakteria wa asidi ya laktiki, waliokuwamo katika kimea, huitia uchachu safi kama wa maziwa mgando, na uchachu huo huwazuia bakteria waharibifu. Hamira hugeuza sukari kuwa kileo na hewa ya ukaa, ile inayotoa povu na kuuma ulimi. Vilevile hamira hutengeneza kiasi kidogo cha manukato yaitwayo esta. Mojawapo ya esta hizo ndiyo inayoipa ndizi mbivu harufu yake. Kwa hiyo mnywaji anayesema kwamba pombe inanukia ndizi, ilhali hakuna ndizi iliyotiwa, hajakosea. Wajerumani wa Bavaria wanaipata harufu hiyohiyo katika bia yao ya ngano, na kwa sababu hiyohiyo.

Hapa ndipo uwanda unapoingia ndani ya chungu. Bakteria wa uchachu hustawi katika joto kuliko hamira. Mapishi yale yale, yakipikwa Muze katika Bonde la Rukwa, yatachacha upesi na kufika kikomo chake mapema, wakati huko juu Sumbawanga, hususan katika usiku wa baridi wa Juni na Julai, uchachu huchelewa na hamira hufanya kazi taratibu. Mpishi wa juu hulazimika kukifunika chombo au kukisogeza karibu na meko. Mpishi wa bondeni hutafuta kivuli. Mtu aliyekulia bondeni akipanda uwandani ataiona pombe ya huko imepoa na haijakamilika. Aliyekulia uwandani akishuka ataiona ya bondeni imeharibika. Kila mmoja anatumia kipimo alichopewa na mwinuko wa kwao.

Maji hayana haja ya maelezo marefu. Miamba migumu ya uwanda kwa kawaida hutoa maji laini yenye madini machache, ambayo hayaongezi ladha yake mwenyewe. Maji ya Ziwa Rukwa, yenye magadi, yangekuwa habari nyingine kabisa. Chombo nacho kina neno lake. Mtungi wa udongo hubakiza hamira ya mpiko uliopita katika vinyweleo vyake, hivyo huwa na kumbukumbu. Ndoo ya plastiki husafishwa ikasahau, na kwa mpishi hilo laweza kuwa faida au hasara. Pipa la chuma lililoliwa na kutu huipa pombe ladha ya chuma ambayo hakuna anayeipenda, ingawa wapo walioizoea.

Kuna kitu kimoja ambacho pombe ya ulezi haina, nacho ni kiungo cha kuitia uchungu. Bia ya Ulaya hutiwa maua ya hopsi, ambayo huleta uchungu na pia huzuia bakteria, hata bia ikaweza kukaa. Amri ya Bavaria ya mwaka 1516 ilitaja shayiri, hopsi na maji tu. Hamira haikutajwa kwa kuwa kazi yake ilikuwa bado haijaeleweka, na ilibidi ingoje uchunguzi wa Louis Pasteur katika karne ya 19. Afrika Mashariki haikukosa wazo la uchungu. Wachaga huitia mbege, inayopikwa kwa ndizi na kimea cha ulezi, gome la msesewa. Kenya ya magharibi inajulikana kwa busaa, ambayo unga wake uliochachuka hukaangwa juu ya bati kabla ya kutiwa kimea, na ladha ya kuungua kidogo huibadilisha kabisa. Pombe ya ulezi isiyo na gome wala ukaango haina pa kujificha, na kwa kuwa haina kinga haikai. Asubuhi ya kwanza huwa tamu, siku ya pili husawazika, ya tatu huwa imeelekea kwenye siki. Anayesema anaipenda pombe ya fulani hana budi kuulizwa: ya siku gani?

Ulimi wa kila mmoja

Watu hawaonji sawasawa. Mwaka 1931 mkemia Mmarekani Arthur Fox alikuwa maabarani unga wa kemikali uliporuka hewani. Mwenzake alilalamika kwamba ni mchungu mno, Fox mwenyewe hakuonja kitu. Uchunguzi uliofuata ulionyesha kwamba uwezo wa kuuonja uchungu huo hurithiwa, na mwaka 2003 jeni inayohusika ilibainishwa. Mfano huo ni wa kemikali moja tu, lakini unatosha kuonyesha kwamba ndugu wawili waweza kukaa mbele ya kata moja wakiwa na ndimi mbili tofauti. Juu ya urithi huja mazoea. Mtoto aliyelelewa kwa togwa na uji uliochachuka huujua uchachu kuwa ni chakula kabla hajajua kwamba wengine huuhesabu kuwa dalili ya kuharibika. Tena sehemu kubwa ya kinachoitwa ladha si ya ulimi bali ni ya pua, kama anavyojua kila mwenye mafua.

Hapo sarufi ya Kiswahili inatoa mchango ambao haujasemwa vya kutosha. Kitenzi nuka ni kutoa harufu mbaya. Kikiongezewa kiambishi cha kutendea kikawa nukia, harufu inakuwa nzuri. Mzungumzaji hawezi kuitaja harufu kwa vitenzi hivyo bila kuihukumu. Akitaka kuwa mwadilifu inambidi atumie nomino, aseme ina harufu ya moshi, au ya udongo wa mvua ya kwanza, au ya mkate. Kwa upande wa harufu mbaya Kiswahili kina maneno mahususi sana, kama vile vumba, shombo, uvundo na kikwapa. Kwa upande wa nzuri hukopa majina ya vitu. Si tatizo la Kiswahili peke yake. Utafiti wa Asifa Majid na Niclas Burenhult, uliochapishwa mwaka 2014, ulionyesha kwamba wasemaji wa Kijahai katika Rasi ya Malay hutaja harufu kwa wepesi uleule wanaotaja rangi, ilhali wasemaji wa Kiingereza hubabaika. Pua zao hazikupishana. Waliopishana ni wasemaji, kwa maneno waliyorithi na maisha yanayoyatumia.

Mzigo wa -kali na -tamu

Kivumishi -kali kina mizizi ya Kibantu, na katika lugha nyingi za jamii hiyo maana yake iliyotangulia mbele ni ile ya mnyama au mtu wa kuogopwa. Katika Kiswahili kisu ni kikali, jua ni kali, mwalimu ni mkali, na mbwa wa jirani vilevile. Wazo linalounganisha ni kitu kinachomwingilia mtu kwa nguvu. Likiletwa kinywani, wazo hilo hilo linafunika mambo matatu ambayo kemia inayatenga: asidi, kileo na muwasho. Wazungumzaji wenyewe wanaijua hatari, na dawa yao ni tashibihi. Mtu akiulizwa kali namna gani, atajibu kali kama ndimu, au kali kama konyagi, au kali kama pilipili, na papo hapo mama mpishi atajua la kufanya. Ukinzani wa wanywaji wa kilabuni ungekwisha kwa neno moja la ziada.

Kivumishi -tamu ni hatari kwa namna nyingine, kwa kuwa kimechanganya utambuzi na hukumu. Sukari ni tamu. Mchuzi uliokolea chumvi nao ni mtamu. Hadithi ni tamu. Pombe ya asubuhi ya kwanza ni tamu kwa maana ya sukari. Ile ya siku ya pili, ambayo sukari yake imekwisha kuliwa na hamira, mnywaji mzoefu ataisifu kwamba sasa ndipo imekuwa tamu. Mpishi anayeuzia wageni akiambiwa kwamba wanataka pombe tamu, huenda akatia sukari ya dukani, na wazoefu watamkimbia. Kosa hilo ni la kisemantiki kabla ya kuwa la upishi.

Mwaka 1904 Charles Myers, aliyekuwa katika msafara wa Cambridge wa mwaka 1898 kwenye visiwa vya Torres Strait, alichapisha makala juu ya majina ya ladha akiona kwamba lugha nyingi hazitengi vizuri chumvi, uchachu na uchungu, na aliyahusisha matokeo hayo na watu aliowaita wa hali ya chini. Hukumu hiyo haina msingi. Lugha ambayo neno lake moja linabeba maana tatu haijakosa maarifa ya tofauti hizo. Imeziweka mahali pengine. Kiswahili, ukiacha -kali na -tamu, kina chungu kwa ladha ya shubiri na mwarobaini, chachu kwa kilichochachuka, ugwadu kwa uchachu wa tunda bichi, ukakasi kwa kukunjamana kwa kinywa, chapwa na dufu kwa kisicho na ladha, kukolea kwa ladha iliyofika kikomo chake. Bidhaa ipo ghalani, lakini wanywaji wengi hawaifikii.

Wanakemia wa bia walipokumbwa na tatizo kama hilo walilitatua kwa istilahi. Mwaka 1979 Morten Meilgaard na wenzake walitoa gurudumu la ladha za bia, lenye makundi 14 na majina 122, ili wapishi wa nchi mbalimbali waweze kuelewana. Lingekuwa kosa kulitafsiri gurudumu hilo neno kwa neno. Lilitungwa kwa vinywaji vya shayiri na hopsi, ambamo uchachu kwa kawaida ni kasoro, ilhali katika pombe ya ulezi uchachu ni nguzo. Gurudumu la Kiswahili lingeanzia kwenye ugwadu, uchachu na siki kama ngazi tatu za jambo moja, na lingeweka ukakasi mahali pa heshima.

Kamusi na bara

Kwa nini basi maneno haya hayakukusanywa? Sababu moja ni ya kihistoria. Mkutano wa Mombasa wa mwaka 1928 uliteua Kiunguja kiwe msingi wa Kiswahili Sanifu, na Kamati ya Lugha iliyoanza kazi mwaka 1930 ilisanifu kwa msingi huo. Kamusi ya Johnson ya mwaka 1939 ni tunda lake. Pwani ilijua kugema. Jamii yake, kwa sehemu kubwa ya Kiislamu, haikuwa na sababu ya kurefusha msamiati wa kimea na chungu cha pombe. Hakuna wa kulaumiwa kwa hilo, lakini lugha ilipopanda bara na kuwa lugha ya vilabu vya Sumbawanga, Mbeya na Songea, ilifika na vitenzi vya mnazi na ikakuta kazi ya ulezi. Tangu kuundwa kwa BAKITA mwaka 1967 istilahi za fizikia, sheria na utawala zimesanifiwa kwa bidii inayostahili sifa. Upishi wa pombe, ambao umewasomeshea wanawake wengi watoto wao, haukupata kiti katika vikao hivyo.

Ukusanyaji wa msamiati huu una haraka yake, kwa kuwa maneno yamefungamana na nafaka. Mpishi aliyehamia kwenye mahindi matupu na hamira ya dukani hahitaji tena kutofautisha kimea chekundu na cheupe, wala kuota kwa siku ya pili na kwa siku ya tatu. Binti yake hatajifunza tofauti hizo, si kwa Kifipa wala kwa Kiswahili. Mtafiti atakayekwenda Laela, Matai au Namanyere hatapata mengi kwa kuuliza "pombe hii ina ladha gani?", kwa sababu jibu litakuwa tamu au kali. Itamfaa zaidi aje mapema, akae jikoni kwa mzunguko mzima wa mpiko, na aulize kila hatua inaitwaje. Aanze na ile saa ya usiku wa kwanza ambapo kilichomo chunguni kimekwisha kuacha kuwa togwa na hakijawa pombe, povu jembamba likiwa ndiyo kwanza limejitokeza pembeni. Kiswahili kina majina ya ncha hizo mbili. Hali ya katikati huelezwa kwa sentensi nzima, na mama mpishi huitambua kwa kutega sikio tu.